Kilo 11.5 kwa miezi 14: kisa cha nyumba moja ya Ngamiani

Kisa hiki cha kupunguza uzito ni changu mwenyewe, na ndiyo maana ninaweza kukieleza kwa takwimu bila kumwaibisha mtu mwingine. Mwanzoni mwa Oktoba 2022 nilikuwa na umri wa miaka 47, urefu wa mita 1.68 na uzito wa kilo 94.5. Ni mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga, mtunza hesabu kwa kazi, na nyumbani kwetu tuko watu sita tunaokula chungu kimoja. Kiuno changu, kilipopimwa kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, kilikuwa sentimita 112. Presha ilikuwa 148 kwa 94, ikarudiwa kupimwa siku nyingine mbili na haikushuka. Sukari ya asubuhi kabla sijala chochote ilikuwa milimoli 6.4 kwa lita. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani hicho si kisukari, kwa kuwa kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, lakini si hali ya kawaida pia, kwa kuwa ya kawaida haifiki 6.1. Muuguzi aliyenipima hakunihubiria. Alisema tu, "Baba, hujafika, ila uko njiani."

Ukigawanya uzito wangu wa siku ile kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 33.5, na kuanzia 30 kwenda juu ndiko wataalamu wa lishe wanakokuita kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Kipimo kilichonishtua zaidi, hata hivyo, ni kile cha futi ya fundi, kwa sababu inashauriwa kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu, na nusu ya urefu wangu ni sentimita 84. Nilikuwa nimepita mpaka kwa sentimita 28, na mafuta yanayojificha tumboni kuzunguka ini na matumbo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo kuliko yale ya mapajani. Daktari alinipa miezi mitatu ya kujaribu kabla ya kuanza vidonge vya presha. Uamuzi ule ulikuwa wake, kwa kuzingatia vipimo vyangu vyote, na asiuige mtu kwa kuacha dawa alizoandikiwa.

Mwanzoni mwa Desemba 2023 mzani ulisoma kilo 83.0, kiuno kikiwa sentimita 99, presha 132 kwa 84, na sukari 5.6. Jirani zangu wanaamini kwamba nilipungua kwa kutembea, kwa sababu kutembea ndiko walikokuona kila alfajiri. Daftari langu linasema vingine: sehemu kubwa ya kilo zile ilitoka kwenye dumu la mafuta na kopo la sukari, vitu ambavyo mabadiliko yake hayakuonwa na mtu ila mke wangu. Matembezi yalifanya kazi nyingine, ambayo nitaieleza, na nisingependa yadharauliwe; lakini anayeanza kwa kudhani kwamba miguu italipa deni la tumbo atachoka mapema, kama nilivyochoka mimi mara ya kwanza.

Uzito wenyewe haukuingia kwa kishindo. Nilipooa, mwaka 2001, nilikuwa na kilo 66, nikienda kazini kwa baiskeli. Mwaka 2009 nilinunua pikipiki, na tangu hapo safari yangu ndefu kuliko zote kwa miguu ikawa kutoka mlangoni hadi ilipoegeshwa. Kutoka kilo 66 hadi 94.5 ni kilo 28.5 kwa miaka 21, ambazo zikigawanywa kwa miezi zinatoa gramu 113 tu kwa mwezi, kiasi ambacho hakuna mtu anayeweza kukihisi. Aliyekihisi ni fundi wangu, aliyekuwa akinifungulia mshono wa nyuma wa suruali mwaka baada ya mwaka, akinipongeza kwa kunawiri.

Jaribio la kwanza lilikuwa Februari 2022, miezi minane kabla ya kisa chenyewe kuanza, na lilishindwa kwa namna inayofaa kuchunguzwa. Kwa siku 12 nilikula supu ya kabichi mchana na usiku, nikanywa maji ya moto yenye ndimu kila nilipoamka, na nikatumia unga fulani niliouziwa kwa jina la kusafisha tumbo, ambao kazi yake halisi ilikuwa kunipeleka chooni mara nne kwa siku. Sambamba na hayo nilijiunga na vijana wanaokimbia uwanjani jioni. Siku ya tatu goti la kulia lilivimba, na mbio zikaishia hapo. Kutoka kilo 95.0 nilishuka hadi 90.2, nikajisifu kwa kila aliyenisikiliza, na wiki tano baadaye nilikuwa na kilo 95.5.

Zile kilo 4.8 hazikuwa mafuta zote. Mwili huhifadhi akiba ya wanga katika ini na misuli, gramu mia kadhaa kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapokatiza chakula ghafla, akiba hiyo ndiyo inayotumika kwanza, na maji yake hutoka nayo. Ukiongeza tumbo lililokaushwa kwa kuharisha, unakaribia kilo mbili ambazo zitarudi siku utakapokula ugali. Kilichobaki kilikuwa mchanganyiko wa mafuta na misuli, kwa sababu kabichi haina protini ya kutosha kuilinda misuli ya mtu mwenye njaa. Nilipoanza kula tena nilikula kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa, na misuli niliyoipoteza haikurudi kwa kasi ile yaliyorudi mafuta.

Safari ya pili nilianza kwa kutobadilisha kitu. Kwa siku saba niliandika kila kilichoingia mdomoni, kwa kijiko, kwa kikombe na kwa idadi, kabla sijakimeza, kwa kuwa nilishajua kwamba kumbukumbu ya mlaji humtetea mlaji. Nilikuwa nimemwambia muuguzi kwamba sili sana, na kwa kuhesabu milo nilikuwa mkweli: nilikula mchana na usiku, na asubuhi nilikunywa chai tu. Daftari lilionyesha kwamba chai hiyo ilikuwa vikombe vitano kwa siku, nyumbani na ofisini, kila kikombe na vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 15 vya gramu nne ni gramu 60 za sukari, na kila gramu ya sukari ina kalori nne, kwa hiyo nilikuwa nikinywa kalori 240 bila kutafuna chochote. Soda moja ya mchana, chupa ya mililita 350, iliongeza gramu zipatazo 37 za sukari, yaani kalori 150 hivi. Ugali wa usiku, nilipoupima kwa unga mkavu kabla ya kusongwa, ulikuwa sawa na gramu 200 kwa mimi peke yangu, na hizo ni kalori zipatazo 700 kabla ya mboga kufika mezani.

Mafuta yalinisumbua, kwa sababu hayaonekani yakishaingia chunguni, na mke wangu alikuwa akimimina kwa jicho kama wapishi wote wazuri. Hapo taaluma yangu ilinisaidia. Nikaacha kuuliza ni kijiko kipi kiliingia kwenye mchuzi upi, nikauliza swali la stoo: kwa mwezi tunanunua lita ngapi? Jibu lilikuwa lita sita. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi, na kila gramu ya mafuta ina kalori tisa, zaidi ya mara mbili ya wanga. Lita sita kwa watu sita kwa siku 30 ni kalori 276 kwa kila mtu kila siku, mbali na nazi, na mbali na chipsi na bajia zilizopikwa kwa mafuta ya watu wengine. Njia hii ina kasoro, kwa kuwa inagawa sawa kati ya mimi na mtoto wa miaka minane, na ni dhahiri kwamba hatukuwa tukigawana sawa. Bado ninaipendekeza kwa nyumba yoyote, kwa sababu risiti ya duka haina huruma na mtu.

Mabadiliko yaliyofuata yalipangwa jikoni, na aliyeyapanga si mimi. Mke wangu alisoma daftari, akanyamaza siku mbili, kisha akasema kwamba hatapika vyungu viwili katika nyumba moja, kwa hiyo tupungue sote au asipungue mtu. Aliweka kijiko kimoja cha chakula ndani ya kopo la mafuta na kuanza kuhesabu. Samaki wa kukaanga akawa wa kuchoma au wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya siku nne kati ya saba. Mchicha na tembele vikapikwa kwa maji kidogo na kitunguu, vikatiwa mafuta mwishoni badala ya kuanza kwa kukaangwa. Maharage ya nazi, ambayo kwa mtu wa Tanga si jambo la kufanyiwa mzaha, yakapikwa kwa tui la pili peke yake. Tui zito likawekwa pembeni katika bakuli na kumiminiwa watoto, ambao bado wanakua na hawakuwa na sababu ya kunyimwa mafuta yao. Binti yetu mkubwa alionja akasema yanafanana na maharage ya bweni. Malalamiko hayo yalidumu wiki tatu, kisha yakaisha bila mtu kuyatangaza.

Badiliko moja lilionekana dogo, nalo ndilo lililoniuma zaidi: niliacha kula kwenye sinia. Kwenye sinia mkono mmoja hauwezi kujua umekula kiasi gani, na mtu mwenye adabu haachi kula kabla ya mgeni, kwa hiyo kila mgeni alikuwa sababu ya kuongeza. Nikaanza kupakuliwa sahani, nusu yake mboga za majani na kachumbari, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au dagaa. Unga wa ugali wangu ukashuka hadi gramu 140 hivi. Sukari niliishusha taratibu kwa wiki sita, nusu kijiko kwa wakati, hadi kijiko kimoja kwa kikombe, na ninaweza kuthibitisha kwamba ulimi hubadilika: nikinywa leo chai ya vijiko vitatu, naiona kama shira. Soda ikawa ya mara moja kwa wiki. Machungwa ya Muheza tuliyokuwa tukiyakamua tukaanza kuyala yakiwa mazima, kwa sababu glasi moja ya juisi hunywa machungwa manne kwa dakika moja, ilhali kuyamenya na kuyatafuna manne ni kazi inayomchosha mtu kabla hajayamaliza, na nyuzinyuzi zake hushibisha.

Kufikia mwezi wa tatu wa safari hii mafuta yalikuwa yameshuka kutoka lita sita hadi tatu na nusu. Nikijumlisha upungufu wote kwa siku, sukari ya chai ilitoa kalori 160, soda 125 kwa wastani, mafuta 115, na ugali au wali 200. Hizo ni kalori 600, na hakuna siku niliyolala na njaa, jambo ambalo jaribio la kabichi halikuweza kulidai.

Sasa matembezi. Nilianza na dakika 20, nikaongeza tano kila wiki hadi nikafika 45, siku tano kwa wiki. Baada ya sala ya alfajiri nilitoka Ngamiani, nikavuka reli kuingia mjini, nikashika barabara ya kuelekea Raskazone, bahari ikiwa kushoto, kisha nikageuka kabla jua halijakaza. Mwendo ulikuwa ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na huo ndio wataalamu wanaouita wa wastani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kati ya dakika 150 na 300 za mwendo huo kwa wiki, nami nilikuwa na 225. Goti halikulalamika hata mara moja.

Hesabu ya nishati, hata hivyo, ni ya kunyenyekeza. Mtu wa kilo 90 akitembea dakika 45 kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa hutumia kalori zipatazo 170 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Chapati moja ya mafuta inazo kalori nyingi kuliko hizo. Katika wiki ya pili nilikuwa nikirudi kwa kupitia kwa muuza supu, nikinywa bakuli la supu ya utumbo na chapati mbili kwa imani kwamba nimezifanyia kazi, na wiki hiyo mzani ulipanda. Kama ningeutegemea mwendo peke yake, nikiwa na uaminifu wote wa dunia, ungenipa upungufu wa kalori 120 kwa siku kwa wastani wa wiki nzima, yaani moja ya tano ya kile kilichotolewa na jiko.

Kwa nini basi niliendelea? Kwa sababu presha ilianza kushuka katika wiki ya tano, wakati uzito ulikuwa bado haujashuka vya kutosha kueleza mabadiliko hayo. Kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inapofanya kazi kwa uvivu. Na kwa sababu mtu anayetaka kuamka alfajiri hana budi kulala mapema. Nilikuwa mtu wa kukesha na mechi za Uingereza nikiwa na karanga mkononi. Matembezi yaliua karanga hizo bila mimi kuwa na ugomvi nazo.

Nilijipima mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, kwenye mzani uleule. Kujipima kila siku kulinitia wazimu, kwa kuwa uzito wa mtu hupanda na kushuka hata kwa kilo nzima kwa ajili ya chumvi na maji tu. Mwanzoni mwa Januari 2023, baada ya wiki 13, nilikuwa na kilo 89.0. Ninataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu wengi hukata tamaa mahali hapa. Mafuta ya mwilini yenye uzito wa kilo moja huhesabiwa kuwa na kalori zipatazo 7,700. Kwa upungufu wa kalori 720 kwa siku, jiko na miguu pamoja, karatasi ilinidai kilo 8.5 kwa wiki 13. Mzani ulitoa kilo 5.5. Tofauti hiyo ya kilo tatu haikuwa muujiza wala kasoro ya mwili wangu. Sehemu yake ni kwamba mabadiliko hayakuanza yote siku ya kwanza. Sehemu ni kwamba mwili mwepesi hutumia nishati ndogo kuliko mwili mzito, na mwili unaopungua hubana matumizi zaidi ya hapo. Na sehemu ni pilau za harusi tatu za Desemba, ambazo daftari langu lina kurasa nyeupe mahali pake. Ukweli wa kurasa nyeupe ni kwamba hazikuwahi kuangukia siku ya mchicha.

Katikati ya Machi nilikuwa na kilo 86.8, presha 136 kwa 86 na sukari 5.8. Kisha ikaingia Ramadhani, na baada ya Idi mzani ulisoma 88.4. Mfungo wenyewe haukuwa na kosa. Nilifunga saa zipatazo 13 kwa siku, na kati ya magharibi na daku nilikula kuliko nilivyokuwa nikila katika siku nzima ya kawaida: uji wa pilipili manga wenye sukari, sambusa, kaimati zilizochovywa kwenye shira, mihogo ya nazi, tambi, kisha wali wa saa nne usiku kwa sababu wageni wamekuja. Matembezi niliyasimamisha mwezi mzima kwa hoja ya uchovu, na baada ya daku nililala. Dumu la mafuta mwezi huo lilirudi lita sita kamili, kama vile halikuwahi kusikia habari zetu. Ramadhani iliyofuata, ya mwaka 2024, tulipanga mapema: tende na maji kwanza, kaanga moja tu kwa usiku, mihogo ya kuchemsha, na mimi nikatembea dakika 25 baada ya tarawehe, na mwezi ukaisha nikiwa nimepungua gramu 400. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifuate mpango wangu wala wa mtu mwingine kabla ya kukaa na daktari wake, kwa kuwa kushuka kwa sukari mchana wa saumu ni hatari ya papo kwa papo.

Baada ya Idi ya 2023 niliongeza mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki, yasiyohitaji ukumbi: kuinuka kitini bila kushika kitu mara kumi, kwa awamu tatu, kusukuma ukuta, na kubeba ndoo mbili za lita kumi kutoka bombani hadi jikoni, kazi ambayo mke wangu alisema ilikuwa mazoezi tangu zamani, ila hakuna mwanamume aliyewahi kuitambua. Lengo lilikuwa kuilinda misuli, na kwa ajili hiyohiyo tuliongeza dagaa, mayai na mtindi. Kasi ilikuwa ndogo. Septemba nilikuwa na kilo 84.5, Desemba 83.0.

Jambo lililokaribia kukiharibu kisa chote halikuwa njaa. Kwetu neno kukonda halina sifa njema. Mtu mzima akipungua, hasa mwanamume mwenye kazi, watu waliozika wenzao katika miaka ya tisini hukumbuka walichokiona, na hawasemi. Shangazi yangu alikuja kutoka Pangani mwezi wa saba, nikamwamkia, na kabla hajakaa akanishika kifundo cha mkono akakipima kwa vidole. "Mwanangu, unaumwa nini? Usinifiche mimi." Nilicheka, yeye hakucheka. Mke wangu aliumia zaidi, kwa sababu kwenye shughuli za wanawake aliulizwa, kwa sauti ya utani isiyo utani, siku hizi anamlisha nini mumewe. Kwa miaka 20 kitambi changu kilikuwa cheti chake cha upishi, na sasa alionekana kama aliyenyang'anywa. Kuna wiki mbili za Agosti ambazo alirudisha mafuta chunguni bila kuniambia, na sikumlaumu nilipogundua kwa risiti, kwa kuwa lawama iliyokuwa ikimwangukia yeye ilistahili kuniangukia mimi.

Tulichojifunza ni namna ya kulieleza jambo. Nilipokuwa nikisema niko kwenye dayati, nilichekwa na kuongezewa wali. Niliposema nina presha na daktari amenionya, nilipewa samaki wa kuchoma na pole. Presha kila mtu anaijua, kila ukoo una mtu aliyeangushwa nayo, na hakuna anayemlazimisha mgonjwa wa presha kula. Shangazi aliporudi Pangani alianza kunipigia simu kuuliza kama ninatembea.

Swali la haki ni kama juhudi hizi zilistahili. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa na sukari ya juu isiyofikia kisukari waligawanywa katika makundi: wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, wengine metformini, ambayo ni dawa ya kisukari, na wengine walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Kwa muda wa takriban miaka mitatu, kundi la tatu lilipata kisukari kwa uchache wa asilimia 58 kuliko kundi la kwanza, na la metformini kwa asilimia 31. Upungufu wao wa uzito ulikuwa wastani wa kilo 5.6 tu, tena wengi wao walirudisha sehemu yake baadaye, na bado baada ya miaka 15 hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 27.

Asilimia 7 ya uzito wangu wa mwanzo ni kilo 6.6, na nilizimaliza Februari 2023. Vipimo vya Machi vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ya presha na sukari ilikuwa imeshapatikana wakati huo. Kilo nne za mwisho, zile zilizogharimu miezi tisa, maneno ya shughulini na ugomvi wa Agosti, zilikuwa zaidi za suruali. Kama ningeanza leo, ningemwambia mke wangu lengo ni kilo saba, na tungeishi kwa amani zaidi.

Kisa hiki kina mipaka yake. Ni mtu mmoja, mwenye mshahara wa mwezi, mwenye mke aliyekubali kubadili jiko na barabara tulivu ya kutembelea alfajiri. Mwanamke wa mtaani kwetu anayeanza kukaanga vitumbua saa kumi usiku hana alfajiri ya kwenda nayo Raskazone, na ushauri wowote unaomfaa yeye utabidi uanzie kwenye karai lake. Nami sikuwa na maradhi ya tezi wala dawa zinazoongeza uzito, ambazo hesabu ya vijiko haiwezi kuzieleza.

Juni 2025 nina kilo 85.4, yaani zimerudi kilo 2.4 tangu kiwango cha chini kabisa. Presha imebaki chini ya 135. Mke wangu, ambaye hakuwahi kupanda mzani kwa hiari, alipimwa kliniki akakutwa amepungua kilo nne kwa kula chungu kilekile. Ninatembea siku nne badala ya tano, chai bado ni ya kijiko kimoja, na chapati zimerudi kila Jumapili kwa azimio la watoto wote wanne. Mafuta ya mwezi uliopita yalifika lita nne na robo, na kila mtu nyumbani anasema si yeye.